Kituo cha Umma cha Kuchaji Magari ya Umeme: Mahali Panafaa, Plagi Hazitoshi

Kituo hiki, kilichomo katika maegesho ya jengo moja la maduka magharibi mwa Nairobi, kimewekwa na watu wanaoelewa kwamba dereva hapendi kukaa ndani ya gari akisubiri betri ijae. Chaja ya kasi ya kilowati 50 iko karibu na mlango wa supamaketi, hivyo mwenye Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40 anaweza kununua mahitaji ya nyumbani na kukuta betri imetoka asilimia 20 hadi 80 kwa dakika arobaini hivi. Bango linawaomba madereva waondoke hapo inapofika 80, nami naliunga mkono kabisa, kwa sababu betri inayokaribia kujaa hupokea umeme polepole huku wenzako wakikusubiri.

Udhaifu mkubwa uko kwenye plagi. Magari ya umeme yaliyoko Kenya yametoka pande mbalimbali: Leaf za mitumba kutoka Japani huchaji kwa kasi kupitia plagi ya Kijapani iitwayo CHAdeMO, magari mengi mapya yanayouzwa na mawakala hutumia plagi ya CCS2, inayotumika Ulaya, na baadhi ya yale yaliyoagizwa moja kwa moja kutoka China yana plagi ya Kichina ya GB/T. Chaja hii ina waya mbili tu, ya CCS2 na ya CHAdeMO, na hiyo ya pili haikuwa ikifanya kazi nilipofika, ilhali programu ya simu ilionyesha kuwa iko tayari. Taarifa hiyo potofu ni kosa zito kuliko hitilafu yenyewe, kwani dereva aliyetoka nyumbani na asilimia 10 akiiamini programu huenda asiweze kufika kituo kingine. Nguzo mbili za mkondo geu (umeme kama wa nyumbani, ambao gari huupokea kupitia chaja yake ya ndani) zilizo pembeni zimeandikwa kilowati 22, lakini chaja iliyomo ndani ya Leaf hupokea takriban kilowati 6 au pungufu, na hakuna maandishi yanayomweleza mgeni hivyo.

Bei nayo ingeweza kupangwa vizuri zaidi. Katika bei zilizoanza kutumika mwaka 2023, EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati, iliweka kiwango maalumu cha umeme wa usafiri: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 saa ambazo matumizi ya umeme huwa madogo, kabla ya kodi na tozo. Kituo hiki hutoza bei moja usiku na mchana. Ni kweli kwamba mwekezaji lazima arudishe gharama za chaja, transfoma na pango. Hata hivyo mitambo ya Olkaria, katika Bonde la Ufa, huzalisha umeme wa jotoardhi usiku kucha, na punguzo la usiku lingewavuta madereva wa teksi na kupunguza foleni ya jioni.

Wamiliki wakiongeza chaja, nawasihi wasiziweke katika jengo jingine la jirani. Mji wa Mtito Andei uko karibu katikati ya safari ya kutoka Nairobi hadi Mombasa, ya kilomita 480 hivi, na mabasi tayari husimama hapo ili abiria wapate chakula. Chaja mbili zilizowekwa pamoja hapo zingemfaa msafiri kuliko nne zilizotawanywa mojamoja njiani, kwa kuwa moja ikiharibika atabaki na nyingine.

Kwa sasa, mwenye gari la CCS2 akitumie kituo hiki bila wasiwasi. Mwenye Leaf apige simu kwanza, aulize kama waya yake inafanya kazi.