Uzoefu wangu: Land Cruiser 79 pikapu na tela la tani mbili, Newala

Gari ninalolieleza hapa ni Toyota Land Cruiser pikapu, toleo la 79, yenye kebini moja na injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo tunaitumia Newala kupandisha maji wakati wa kiangazi na kuteremsha korosho msimu wa minada unapofunguliwa. Watu wengi huisifu kwa kuvuta. Kwa maoni yangu, sifa yake kubwa ni namna inavyoushika mzigo kwenye mteremko, na mambo mengi ya umbo lake, hata yale yanayomchosha abiria, yanatokana na hilo.

Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, ambao una shida ya maji tangu zamani, kwa sababu mchanga wake hunywa mvua mara inaponyesha, na maji ya bomba husukumwa kutoka bonde la Mitema. Bomba likikauka, maji hupanda kwa magari. Tela letu ni la bapa, na juu yake tunafunga ama tangi la lita 2,000, ama magunia 25 ya korosho ya kilo 80. Kwa hesabu yoyote, hizo ni tani mbili kabla hujaongeza uzito wa chuma cha tela lenyewe. Katika soko la Australia mtengenezaji anaruhusu kilo 3,500 kwa tela lenye breki zake, lakini kilo 750 tu kwa tela lisilo na breki. Namsihi kila anayepeleka chuma kwa fundi wa kuchomelea ili aundiwe tela azisome takwimu hizo mbili kwa makini, kwa kuwa matela mengi ninayokutana nayo njiani hayana breki hata kidogo.

Injini ya 1HZ ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, na nguvu yake ni takriban farasi 130. Hizo si nyingi kwa gari zito namna hii. Ukipanda na maji utapanda kwa gia ya pili, polepole, ukiachwa na magari madogo, na huna sababu ya kuilazimisha, kwa kuwa msukumo wake mkubwa unapatikana kwenye mizunguko ya chini. Jambo ninalolithamini zaidi ni pampu yake ya dizeli, ambayo haiendeshwi kwa kompyuta, hivyo fundi wa Newala au Masasi anaweza kuifungua na kuielewa.

Kuteremka kuelekea Masasi na korosho ndiko kunakoonyesha gari lilivyosukwa. Chasisi ni ya ngazi, yaani vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, ekseli za mbele na nyuma ni za kipande kimoja, na gari lenyewe, likiwa tupu, lina uzito wa takriban tani mbili, kwa hiyo tela haliwezi kulisukuma ovyo kama linavyosukuma pikapu nyepesi. Naingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, wala si katikati yake, na kuiacha injini ifanye kazi ya kuzuia, ili breki zibaki za baridi kwa ajili ya kona. Mzigo nao lazima upangwe: magunia yaegemee kidogo mbele ya ekseli ya tela, ili takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote ikae kwenye ndoano ya gari. Ukirundika nyuma, tela litaanza kuyumba na mkia wa gari utayumba pamoja nalo. Kwa maji kuna hatari ya ziada, nayo ni tangi lililojaa nusu, kwa sababu maji hukimbilia mbele kila unapokanyaga breki na kulisukuma gari mara ya pili. Tangi liwe limejaa au liwe tupu, au liwe na kuta za kuyakata maji ndani yake.

Kuhusu starehe, nitasema wazi. Springi za nyuma ni za vipande vilivyopangwa juu kwa juu, zimekusudiwa mzigo, na gari likiwa tupu kwenye barabara ya vumbi linaruka kiasi cha kuumiza mgongo wa mtu mzima. Pakia kilo mia tano, mwendo unatulia kabisa. Kiti kimesimama wima, kelele ya injini inaingia ndani, na kugeuza gari sokoni kunahitaji nafasi kubwa. Hata hivyo boneti yake bapa humwezesha dereva kuziona kona zote mbili za mbele, jambo linalosaidia sana ukirudi nyuma na tela kati ya mikorosho.

Anayetafuta gari la kupeleka familia Lindi mwisho wa wiki atapata raha zaidi kwenye pikapu nyepesi yenye milango minne. Na kwa aliye Mikindani au Msimbati, anayebeba samaki na kuegesha karibu na maji ya bahari, nashauri chasisi ioshwe kwa maji baridi kila baada ya safari na ndoano ipakwe grisi, kwa kuwa chumvi huanza kuila pale kwenye maungio ya ndoano, sehemu inayolivuta tela lote.