Chavua ya Machi: ununue nini kwa baraza ya wavu

Anayeishi Georgia au Carolina, kusini mwa Marekani, anaijua Machi: chavua, ule unga wa maua ya miti, inatanda kila mahali; unaamka gari jeupe limegeuka la njano, na ukipitisha kidole kwenye meza ya barazani kinaacha mstari. Atlanta, tarehe 29 Machi 2025, zilihesabiwa punje 14,801 za chavua kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wakati zikivuka 1,500 tu wanasema zimepita kiasi. Wavu wa kawaida wa kuzuia wadudu, ule unaozungushiwa baraza, hapo ni pambo. Tundu lake linazidi milimita moja. Punje ya chavua ya msonobari, hiyo ya njano, haizidi sehemu ya kumi ya milimita.

Pesa yangu kwanza ingeenda kwenye pazia la plastiki angavu lenye zipu pembeni, nene karibu nusu milimita. Unalishusha Machi, Mei unalikunja. Hakikisha pembeni linakaa kwenye reli na chini lina uzito, maana lililoning'inizwa juu tu hugeuka tanga siku ya upepo. Lioshe kabla ya kulikunja, la sivyo vumbi litalichubua, na usilikunje asubuhi ya baridi, litapasuka.

La pili ni madirisha ya kusukuma ya plastiki hiyohiyo. Kwa kazi yanalishinda pazia, ila bei yake kwa msimu wa wiki chache inaniuma. Kama nyumba ni yako na baraza unaitumia mwaka mzima, anza nayo. Kila uwazi pima upana juu, katikati na chini, umpe fundi namba iliyo ndogo.

Mpangaji achukue nailoni nzito ya roli, fito nyembamba na stepla. Stepla bila fito huchana nailoni usiku wa kwanza. Haipendezi, lakini inazuia. Ila ukishaziba hivyo, jiko la mkaa litoke nje kabisa. Gesi yake isiyoonekana inaua, na nyama choma inaweza kusubiri.

Wavu wa matundu madogo nauweka wa nne, kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza muuzaji aliniapia kwamba "haupitishi kitu". Upepo ndio uliokoma kupita. Meza ilibaki njano vilevile. Mapazia ya kitambaa usinunue kabisa: yanaikusanya chavua, mtoto akiyavuta inawamwagikia.

Kabla hujalipa, tazama chini. Sakafu ya mbao yenye nafasi huingiza chavua kutoka uvunguni, na hapo hakuna pazia litakalokuokoa mpaka uzibe. Wenye mzio nao wajue kwamba mara nyingi kinachowapigisha chafya ni chavua ya mwaloni, ndogo zaidi na isiyoonekana mezani.

Siku ya kusafisha, anza na mpira wa maji, kutoka juu kwenda chini. Ufagio mkavu unairusha tena hewani.