Tainan, mji wa kale wa Taiwan: anzia hekalu la Confucius

Tangu nirudi Kisumu naulizwa Tainan kuna nini, hasa na walimu wenzangu na wazazi wenye watoto chuo kule ambao wanataka kwenda mahafali halafu wazunguke kidogo kabla ya kurudi, sasa acha niseme yote hapa mara moja. Nendeni. Taipei ni maghorofa na haraka, lakini Tainan ndio ilikuwa makao makuu ya kisiwa kwa zaidi ya miaka 200, na venye wametunza vitu vyao vya zamani, mimi kama mtu wa historia nilifurahi sana.

Hekalu la Confucius, yule mwalimu mkuu wa kale wa China, nalipa nyota tano bila kufikiria. Lilijengwa 1665, wakati watoto wa Koxinga, yule jemadari aliyewafukuza Waholanzi kisiwani, ndio walikuwa wanatawala, na usidhani ni mahali pa kuchoma ubani tu, hii ilikuwa shule. Hata langoni kumeandikwa kwamba hapa ndio shule ya kwanza ya Taiwan nzima. Upande mmoja ni kumbi za masomo, upande mwingine ni hekalu lenyewe, na ukiingia ule ukumbi mkubwa unatafuta sanamu ya Confucius hauoni, kuna kibao tu chenye jina lake. Halafu uinue macho. Huko juu kumetundikwa mbao kubwa za maandishi ya wafalme wa China kuanzia Kangxi, mmoja baada ya mwingine, na baadaye marais nao wakaongeza zao, yaani kila anayeshika nchi anakuja kumpa mwalimu heshima yake kwa maandishi. Walimu wangu wa Nyanza na Western, mnaelewa kwa nini nilikaa hapo muda mrefu. Nje kuna jiwe la 1687 lenye Kichina na Kimanchu, lugha ya watawala wa China wa wakati huo, linaamuru maofisa wote, wa serikali na wa jeshi, washuke farasi wakifika hapo. Mkubwa awe nani, mbele ya shule anatembea kwa miguu!

Na pale si mahali pamefungwa kamba. Uwanja unaingia bure, unalipa pesa kidogo tu kwa ule ukumbi mkuu, wazee wanakaa chini ya miti, shule ya msingi iko hapo hapo kando na watoto wanapita na mabegi yao. Kila tarehe 28 Septemba wanafanya sherehe ya kuzaliwa kwa Confucius na ngoma na mavazi ya kale, kama unaweza kupanga safari ikuangukie hapo, panga. Ukitoka, vuka barabara uingie mtaa wa Fuzhong chini ya lile lango la mawe, kuna vibanda vya chakula na vinywaji, jua likiwa kali utashukuru.

Mnara wa Chihkan ni nyota nne. Zingekuwa tano lakini watu wanaenda wakidhani wataona ngome ya Waholanzi, na Waholanzi walijenga kweli, 1653, wakaiita Provintia, ila iliyobaki ni msingi na kipande cha lango, haya majumba mazuri yenye paa zilizopinda unayoona kwa picha ni ya Kichina ya karne ya 19. Ukijua hivyo mapema utafurahia. Kinachonivutia pale ni wale kobe tisa wa mawe, kila mmoja amebeba jiwe refu la maandishi ya mfalme Qianlong akijisifu kwa kuzima uasi wa Lin Shuangwen, ule ulioanza 1786. Kulikuwa na kobe wa kumi, akaanguka majini wakati wa kushusha mizigo, na alipopatikana baadaye watu wakampeleka hekaluni na mpaka leo anaabudiwa. Halafu panda ghorofani kwa yule mungu wa mitihani, wanafunzi wanakuja kuomba kabla ya kufanya mtihani. Si hata sisi kila shule iko na siku ya maombi kabla ya KCSE? Niliona wale watoto na wasiwasi wao nikawaonea huruma ile ile ninayowaonea Form Four wangu.

Anping, kule pwani, nyota tatu na nusu, na nusu ni ya ukuta. Ngome ya Zeelandia ilianzwa na Waholanzi 1624, Koxinga akaizingira kuanzia 1661 karibu miezi tisa mpaka gavana Frederick Coyett akasalimu amri Februari 1662, kwa hivyo kihistoria ni mahali pazito mno. Lakini mnara na jumba lililo juu ni vitu vya baadaye sana, na umati unapanga foleni kupiga picha huko wakati ukuta wenyewe wa Waholanzi umesimama nje pale chini, matofali mekundu na mizizi ya mti imeyashika, hakuna mtu anauangalia. Uende kwa ukuta kwanza. Inasemekana udongo wa kushikanisha yale matofali ulichanganywa na maji ya sukari, mchele wa kunata na ganda la chaza lililosagwa, na mtu wa kutoka Muhoroni au Mumias akisikia sukari imeshika ngome karibu miaka 400 lazima asimame asome vizuri. Karibu hapo kuna ghala la zamani la kampuni ya Kiingereza ya Tait ambalo mti umelimeza, matawi yamekuwa ndio paa, hilo nalo usiliache.

Hekalu kubwa la Mazu, mungu mama wa mabaharia, liko nyuma kidogo ya Chihkan, unaenda kwa miguu. Lilikuwa jumba la mwanamfalme wa mwisho kule wa Ming, ukoo wa zamani wa wafalme wa China, na 1683 jeshi la Qing, ukoo uliowapindua, liliposhinda alijinyonga, na wake zake watano wakajinyonga kabla yake, wao wana hekalu lao dogo upande mwingine wa mji. Ni pa kimya na panahuzunisha, nenda.

Kwa wale mliosoma shule za misheni: Chang Jung ilianzishwa na Wapresbiteri wa Uingereza 1885, miaka 21 kabla ya Maseno yetu, na bado ni shule. Kitu kinaniuma ni kwamba sisi tuko na Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe za kale kule Migori, UNESCO wameiweka kwa orodha yao tangu 2018, na kuna watoto wanamaliza shule Kisumu hawajawahi kupelekwa.

Usafiri: treni ya kasi kutoka Taipei haichukui hata masaa mawili, lakini stesheni yake iko mbali na mji, shuka uunganishe na treni ndogo mpaka katikati. Chakula chao kina sukari kiasi, supu hata tambi. Kama una siku moja tu, asubuhi yote ipe Confucius, mchana Chihkan na Mazu, jioni jua likipoa Anping. Kuna ngome nyingine ya mizinga, Eternal Golden Castle, ya 1874 mpaka 1876 iliyochorwa na Wafaransa, ni nyasi na mfereji wa maji, iwekee siku ya pili.