Mwalimu wa dramu aliyeninyang'anya vijiti

Huwa siandiki tathmini za walimu, ila hili limenikaa rohoni na nimeshindwa kulimeza.

Niliitamani dramu tangu utotoni. Miezi kadhaa iliyopita nikapata mwalimu baada ya kumwona akipiga, na anapiga kweli, hilo silipingi. Somo la kwanza akaniketisha moja kwa moja kwenye seti nzima: mguu kwenye besi, mkono huu kwenye toazi, ule kwenye snea, ile ngoma ndogo ya mbele, "nifuate mimi". Kiti kilikuwa chini mno hata magoti yangu yakapanda juu ya nyonga. Hakukigusa. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, haikuwepo.

Somo la tatu, au la nne, kifundo cha mkono kikaanza kuuma. Nilikuwa nakaba vijiti kama mtu anayepasua kuni. Nikamuuliza, "Samahani mwalimu, hivi kijiti kinashikwaje? Mkono unaniuma."

Hakunijibu. Alinipokonya vijiti, akaniashiria niondoke kitini, akaketi yeye. Akapiga. Dakika kumi na zaidi, kwa kasi ile anayojionyesha nayo, mimi nimesimama ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Alipomaliza akanigeukia: "Umeona? Ngoma iko damuni. Kama haimo, haimo." Akatazama saa, muda umekwisha. Muda wangu, niliokuwa nimeulipia!

Vijiti vilikaa kabatini wiki nyingi baada ya siku hiyo, maana nilimwamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kile kifundo.

Damuni? Percussive Arts Society, chama cha wapiga ngoma, ina orodha ya misingi 40 ya kupiga kwa vijiti, na hakuna hata mmoja ambao mtu huzaliwa nao. Chukua paradidoli: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Mikono haiijui mpaka ifundishwe, polepole, mara mia.

Nilijua hayo kwa mwalimu wa pili, dada mmoja anayefundisha pia ngoma za mkono, konga na djembe. Karibu nusu ya somo la kwanza hatukuigusa seti. Aliweka padi ya mpira mezani, akapanga vidole vyangu kimoja kimoja: kijiti kibanwe kati ya gumba na kidole cha shahada, vingine vikiegemee tu. "Kiangushe, kisha kiache kirudi chenyewe." Kikarudi! Sikuwa nimejua kwamba kijiti kinaruka kikiachiwa, nilikuwa nakizuia siku zote. Metronomu ikawekwa mapigo 60 kwa dakika, na tulipohamia kwenye seti alinipa vizibo vya masikio kabla ya pigo la kwanza. Maumivu yaliisha taratibu. Ana kasoro yake: huahirisha vipindi dakika za mwisho, na huwa naudhika sana. Namrudia hata hivyo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumpa yule wa kwanza nyota mbili, hata tatu, nikisema anawafaa wenye misingi tayari, kwa kuwa kumtazama akipiga ni somo. Lakini nimeandika habari ya kusimama ukutani na damu imenichemka upya. Mwenye misingi naye ana maswali. Naye ataondolewa kitini? Basi nyota moja, na hiyo ni ya mikono yake, ufundishaji wake sijauona.

Ukienda kwa mwalimu yeyote kujaribu, muulize swali nililouliza mimi, kisha tazama kama mikono yake inakuja kwenye yako au inakwenda kwenye vijiti vyake.

Juzi nimeipiga paradidoli dakika nzima bila kukatika, 60 ileile, nikihesabu kwa sauti. Dada yule hakusema kitu, alipandisha metronomu hadi 65. Nilitamani yule bwana awe nje ya mlango, asikie.