Kuhamia nyumba kubwa Kenya: mkopo upi uchukue kwanza, upi uache mwisho

Anayenunua nyumba ya pili huulizia riba kwanza. Sisi tunaanzia kwingine: siku pesa za nyumba ya zamani zitakapoingia. Hapo ndipo wengi hukwama, hata wenye mshahara mnono.

Chukua hesabu hii. Nyumba mpya mjini ni Sh10,000,000. Ya zamani inauzwa Sh4,000,000 na bado ina deni la Sh1,500,000, kwa hiyo mkononi unabaki na Sh2,500,000. Benki ikikupa asilimia 80, yaani Sh8,000,000, wewe unaongeza Sh2,000,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, Sh400,000. Mashambani ni asilimia 2. Kusajili rehani ni asilimia 0.1 ya mkopo, Sh8,000. Zimebaki Sh92,000, na hapo hujamlipa mthamini, wakili wako, wala wakili wa benki, ambaye bili yake pia ni yako. Hazitoshi. Tena ushuru wa stempu hufuata thamani itakayotolewa na mthamini wa serikali, nayo inaweza kuzidi bei mliyokubaliana.

1. Mkopo unaofadhiliwa na KMRC (Kenya Mortgage Refinance Company). Kampuni hii haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huzipa benki na sacco fedha za muda mrefu, nazo zikakukopesha kwa riba isiyopanda. Kwa miaka 20, Sh8,000,000 kwa asilimia 9.5 ni takriban Sh74,600 kwa mwezi. Kwa asilimia 14 ni Sh99,500. Tofauti ya karibu Sh25,000 kila mwezi ndiyo inayouweka mkopo huu juu. Una ukomo wa kiasi na ni wa nyumba utakayoishi mwenyewe, kwa hiyo kabla ya kulipa amana pata jibu la maandishi kwamba mwenye nyumba ya awali anakubaliwa.

2. Benki ile ile inayoshikilia rehani yako ya sasa. Iombe ibadilishe dhamana: hatimiliki ya zamani itoke, mpya iingie, na mkopo uongezwe. Historia yako wanayo tayari, na mawakili hawabishani kuhusu nani aachilie hati kwanza. Hata kama riba yao imezidi kidogo, urahisi huo una thamani. Uliza adhabu ya kulipa mapema kabla hawajaandika barua ya mkopo.

3. Benki mpya, riba inayobadilika. Inafaa ikiwa mshahara wako una nafasi ya kutosha. Kiwango cha riba cha Benki Kuu kilitoka asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 hadi 13 Februari 2024, na wakopaji wakaona malipo yakipanda nyuma yake. Pima uwezo wako kwa riba iliyozidi ya leo kwa pointi tatu. Ukishindwa kulipa hapo, punguza nyumba.

4. Sacco, kwa kuziba pengo tu. Sacco nyingi hukopesha mara tatu ya akiba. Sh3,000,000 kwa asilimia 12 ya deni linalopungua, miaka mitano, ni kama Sh66,700 kwa mwezi. Hiyo ni nzito kwa nyumba nzima, lakini Sh400,000 za ushuru inazimudu vizuri. Kabla ya kukopa pengo hilo, angalia pensheni: tangu 2020 kanuni zinaruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yako kununua nyumba ya kuishi, isizidi Sh7,000,000.

5. Kubeba mikopo miwili hadi ya zamani iuzwe. Tunaiweka mwisho bila kusita. Sheria ya Ajira inataka theluthi moja ya mshahara ikufikie mkononi, na deni la zamani huhesabiwa hadi lifutwe. Maombi mengi hufa hapo. Mnunuzi wako naye akichelewa miezi minne, unalipa nyumba mbili.

Mpangilio tunaoupendekeza: weka sahihi ya kuuza kwanza, na tarehe ya kukamilisha ununuzi ije baada ya ile ya mauzo. Mikataba mingi hutoa siku 90 na kudai amana ya asilimia 10. Omba 120 kama unategemea benki, na wakili aweke kifungu cha kurudishiwa amana mkopo ukikataliwa. Bila kifungu hicho, amana iko hatarini.

Fanya upekuzi wa hati mapema, kwa Nairobi kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa ardhi mtandaoni. Nyumba ya ghorofa iwe na hati yake chini ya Sheria ya Sehemu za Majengo ya 2020. Ikiwa mwenye jengo bado ana hati moja ya kiwanja kizima, benki inaweza kukataa. Dai pia ridhaa ya mwenzi wa muuzaji na vyeti vya kutodaiwa kodi ya ardhi na ada za kaunti.

Kuhusu kodi: ukiwa umeishi mfululizo katika nyumba ya zamani miaka mitatu kabla ya kuuza, hulipi kodi ya asilimia 15 ya faida ya mtaji. Ukiipangisha huku ukisubiri bei nzuri, msamaha huo unaweza kukuponyoka. Nyumba mpya nayo inakuruhusu kutoa riba ya mkopo, hadi Sh360,000 kwa mwaka, kwenye kipato kinachotozwa kodi. Kwa anayetozwa asilimia 30, kodi inapungua hadi Sh9,000 kwa mwezi. Peleka cheti cha riba kwa mwajiri mwezi wa kwanza wa malipo.