SSD ya SATA: kasi ipo, uaminifu hamna (nyota 2)

Kwa kasi sina neno, kompyuta inawaka chap, ila jamani hii SSD (diski ya chipu ya kuhifadhia mafaili, inaunganishwa kwa waya wa SATA) haiaminiki kabisa. Uko katikati ya kazi mara kila kitu kinaganda, mshale wa mausi unatembea lakini hakuna kinachofunguka, ukirestati diski haionekani hata kwenye BIOS (skrini ya mipangilio inayokuja kabla Windows haijawaka) mpaka uzime umeme kabisa ndo irudi. Nikacheki na CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, namba ya C7 (makosa ya kupitisha data kati ya diski na kompyuta) ilikuwa inapanda, hiyo mara nyingi ni waya wa SATA, nikabadilisha ikatulia, lakini 05 (idadi ya sehemu mbovu za diski zilizobadilishwa na za akiba) nayo inaongezeka tu na hapo ni chipu zenyewe zinachoka, waya hauhusiki. Kuapdeti femuwea (programu ya ndani ya diski yenyewe) nako wapi. Kama unayo, hamisha mafaili yako leo leo kabla hujagusa kingine, halafu dai waranti.