Kununua seva ya programu ya Java ukiwa Dodoma: nini kianze, nini kiachwe

Miaka michache iliyopita nilimpigia simu muuzaji mmoja wa nafasi za tovuti nikamuuliza swali moja tu: "Mna Java?" Akajibu bila kusita, "Ipo kaka, mbona wateja wetu wengi wanaitumia." Nikalipa ya mwaka mzima. Nikapakia faili langu la WAR (programu nzima ya Java ikiwa kifurushi kimoja), mfumo wa mikopo wa SACCOS moja ya hapa mjini, kwenye folda ya public_html kama nilivyoelekezwa, kisha nikafungua anwani. Badala ya ukurasa wa kuingilia, kivinjari kikaanza kupakua lile faili. Zima zima, na nywila ya databesi imo ndani. Java aliyokuwa akiisema yule kaka ilikuwa JavaScript, lugha nyingine kabisa.

Hela haikurudi. Tangu hapo sinunui seva kwa kuuliza "mna Java?" na sikushauri uulize hivyo. Uliza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni kiasi gani, na kama utapewa ruhusa ya root, yaani ya kuitawala seva yote. Majibu ya hayo mawili yanatosha kukuambia kama mnaelewana.

Sababu iko kwenye namna Java inavyofanya kazi. Tovuti ya PHP, lugha ya tovuti nyingi za kawaida, huamka mteja akifika, hupika, huosha sufuria na kulala tena, ndiyo maana tovuti mia za PHP zinaweza kubanana kwenye seva moja bila ugomvi. Java huwasha jiko alfajiri na halizimi. Mashine yake, JVM, hukaa kwenye RAM saa zote, mteja awepo asiwepo. Kwa hiyo wauzaji wa bei ya chini hawaipendi, na wakiikubali huibana mpaka ikose pumzi.

Piga hesabu kabla hujafungua pochi. Usipoiambia kitu, JVM hujipa kikomo cha hipu (sehemu ya RAM ambamo programu huweka vitu vyake) ambacho ni robo ya RAM ya mashine. Kwenye seva ya GB 1 hiyo ni kama MB 256, na programu ya Spring Boot (zana maarufu ya kujengea programu za Java) yenye databesi na kurasa kadhaa itaanza kulia OutOfMemoryError, kosa la kuishiwa kumbukumbu, siku watu wakijaa. Ukipandisha kikomo hicho kwa amri ya -Xmx kufika MB 768 kwenye seva hiyo hiyo, utakutana na shida nyingine: hipu si RAM yote ambayo Java inakula. Kuna metaspace inayotunza maelezo ya msimbo, kuna nyuzi (threads, njia za kazi zinazokwenda sambamba) ambazo kila moja hutengewa hadi MB 1 kwa kawaida, na pembeni kuna databesi, MySQL au PostgreSQL, inayotaka sehemu yake. RAM ikiisha, Linux huchagua wa kuua, na mara nyingi anayeuawa ni yule mnene kuliko wote. Ni Java yako. Hutaona kosa lolote kwenye logi ya programu. Utakuta tu imekufa saa nane usiku.

Kwa mfumo wa ofisi ndogo, programu moja na databesi yake, mimi naanzia GB 2. GB 1 inawezekana ukiongeza swap (sehemu ya diski inayoisaidia RAM) na ukiwa mvumilivu. Chini ya hapo ni mazoezi ya wanafunzi, si mfumo wa kukabidhi kwa mteja. Njia ziko sita, nazipanga kuanzia ninayoipendelea zaidi.

Ya kwanza: VPS ya GB 2

Hii ndiyo ninayonunua mara nyingi. VPS, seva pepe unayoitawala mwenyewe, ni kama kupanga nyumba yenye geti lako, ilhali nafasi ya kuchangia ni chumba kwenye nyumba ya wapangaji kumi na bomba moja uani. Ndani ya VPS unaweka Java unayotaka, Tomcat (programu inayoendesha faili za WAR) au jar (kifurushi cha Java) inayojiendesha yenyewe, Nginx mbele ya kupokea wageni kwenye mlango (port) 443 na kuwapeleka 8080, na cheti cha bure cha https cha Let's Encrypt. Hayo ni ya jioni moja kwa aliyezoea terminali, na wikiendi nzima kwa asiyezoea. Programu iendeshe kupitia systemd, msimamizi wa programu ndani ya Linux, ili ikianguka iinuke yenyewe. Nimeona watu wanaiwasha kwa mkono kisha wanafunga laptop na kwenda zao, halafu asubuhi wanalaumu seva.

Bei? DigitalOcean, ambayo wengi wameizoea kwa sababu maelezo yake yameandikwa vizuri, imekuwa ikitoza dola 6 kwa mwezi kwa GB 1 na dola 12 kwa GB 2. Hetzner ya Ujerumani kwa kawaida ni nafuu zaidi kwa RAM ile ile. Zote mbili hazina kituo Afrika, seva yako itakaa Ulaya au mbali zaidi. Ukitaka Afrika, Vultr wako Johannesburg, Microsoft Azure pia, na AWS walifungua Cape Town mwaka 2020, ingawa kwa AWS na Azure bili ina vipengele vingi na mgeni hujikuta analipia vitu asivyojua amewasha.

Je, karibu ndiyo bora? Kwenye ramani, ndiyo. Lakini intaneti yetu hupita baharini, na mwaka 2024 tulifundishwa pande zote mbili. Februari nyaya kadhaa ziliharibika Bahari ya Shamu, kwenye njia ya kwenda Ulaya. Mei 12 nyaya za EASSy na SEACOM zikakatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa na seva Johannesburg siku ile hakujisifia ukaribu. Mfumo ambao watumiaji wake wote wako Dodoma, Singida na Manyoni, na hauwezi kusimama hata siku moja, uweke kwenye VPS iliyo ndani ya nchi, bakapu zake ziwe nje.

VPS za ndani zipo, nyingi zikiwa Dar es Salaam. Huwa ghali kidogo kwa RAM ile ile, ila unalipa kwa simu na unapata risiti ambayo mhasibu ataikubali. Waulize kama ni KVM, ambapo kila VPS ina kiini (kernel) chake. Kama ni OpenVZ ya zamani, ambapo wapangaji huchangia kiini kimoja, shukuru na uage, maana utapata shida na Docker (zana ya kufunga programu na mahitaji yake kwenye kasha moja) na hesabu ya RAM haitaeleweka. Na kama wanakudai kwa dola, wakumbushe kwamba kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutoza bei za huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Ya pili: majukwaa yanayokuendeshea programu

Hapa hununui seva. Unawapa jar au msimbo, wao wanaijenga, wanaiwasha, wanaiwekea cheti. Heroku, Render (hii huitaka Java ifungwe kwanza kwenye Docker), Elastic Beanstalk ya AWS, na App Engine ya Google ambayo imekuwa ikipokea Java tangu 2009. Kama uko peke yako, hujui Linux na hutaki kuijua, hii ipande iwe ya kwanza kwako. Sitabishana.

Kwangu ni ya pili kwa sababu mbili. Bili hupanda kwa ngazi: programu inalipiwa kivyake, databesi kivyake, na RAM ya ziada ina bei inayouma. Halafu kuna usingizi. Mpango wa bure wa Render huilaza programu baada ya dakika 15 bila mgeni. Programu ya PHP ingeamka haraka zaidi. Ya Spring Boot, kwenye kipande kidogo cha prosesa wanachokupa bure, mteja anaweza kunywa chai akisubiri. Wa kuonyesha mradi chuoni, sawa. Vijana wa CIVE, ndaki ya TEHAMA pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), wanafanya hivyo na wanafaulu. Mhasibu aliyekaa na mwanachama mbele yake hawezi. Na usitafute mpango wa bure wa Heroku kwenye mafunzo ya zamani, waliufuta Novemba 2022.

Ya tatu: Tomcat ya kupangishwa

Kuna kampuni zinazouza nafasi maalumu za Java: unapewa Tomcat yako binafsi ndani ya seva yao, na paneli ya kupakia WAR. Ni njia nzuri kwa mfumo wa zamani ambao haubadiliki. Mtego wake ni matoleo. Kuanzia Tomcat 10 majina ya vifurushi yalihama kutoka javax kwenda jakarta, kwa hiyo WAR iliyojengwa kwa Tomcat 9 haiendi kwenye 10 bila kugeuzwa. Vilevile Spring Boot 3 inadai Java 17 au zaidi. Kabla ya kulipa, andika barua uliza: Tomcat namba ngapi, Java namba ngapi, na hipu wananipa MB ngapi. Wakijibu "ya kisasa kabisa", hawajajibu.

Hiyo Java yenyewe usiinunue. OpenJDK, Java ya msimbo huria, ni bure, na matoleo yake kama Temurin au Corretto yanatosha kabisa. Oracle walibadilisha leseni ya Java yao Januari 2023 ikawa ya kuhesabu wafanyakazi wote wa kampuni, na sijaona ofisi ndogo ya hapa yenye sababu ya kuingia humo.

Ya nne: seva ya bure ya Oracle

Inachekesha kwamba baada ya hayo namtaja Oracle tena, lakini wingu lao lina mashine za bure za ARM (aina ya prosesa) ambazo Java inazipenda. Nimeweka huko mfumo wa majaribio na ulikwenda vizuri. Ila kupata nafasi ni bahati, wanataka kadi ya benki ya kujisajili, na mashine isiyotumika wana haki ya kuichukua. Weka majaribio, usiweke akiba za watu.

Ya tano: kompyuta ya ofisini

Kila mwaka kuna mkurugenzi anayeuliza kwa nini tusitumie ile kompyuta iliyo pale kona. Jibu langu ni umeme, vumbi la Dodoma, na anwani ya IP. Ruta ya laini ya simu kwa kawaida haikupi anwani ya umma, kwa hiyo tawi lenu la Kibaigwa halitaifikia hata kompyuta ikiwa inawaka. Kama mfumo unatumika ndani ya jengo moja tu, hapo nakubali: weka UPS, na bakapu itoke nje ya jengo kila usiku.

Ya mwisho: nafasi ya kuchangia

Ile ya cPanel (paneli ya kuendeshea tovuti) ya elfu kadhaa kwa mwezi. Kwa WordPress ya kanisa au ya lodge ni nzuri na siisemi vibaya. Kwa Java, nimeshasimulia.

Kuna mambo mawili ambayo hayategemei umechagua ipi. Kama ni taasisi ya umma, na hapa mjini kila mtaa una moja, usianze kutafuta VPS. Anza na Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, ambayo makao yake yako hapa hapa. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inaipa mamlaka ya kusimamia mifumo ya taasisi za umma, na mradi ulionunuliwa pembeni unaweza kukwama kwenye ukaguzi. Kwa sisi wa binafsi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na seva ya Frankfurt iko nje ya nchi. Mfumo wenye namba za NIDA na mikopo ya wanachama, someni sheria hiyo pamoja na mteja kabla ya kuchagua mji wa seva.

Kulipa nje si kazi tena kama zamani, kadi za mtandaoni za pesa za simu zinakubalika sehemu nyingi. Tazama mambo matatu: VAT ya 18% inaweza kuongezwa juu ya bei uliyoiona, bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo na ya pili ndiyo bei yenyewe, na kadi ikikosa salio siku ya makato seva huzimwa bila huruma. Lipa mwezi mmoja kwanza. Wiki ya pili, izime na kuiwasha seva makusudi uone kama programu inarudi yenyewe, na urudishe bakapu moja kwenye mashine nyingine uone kama inafunguka.

Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, si ya kwako wala ya kijana wa IT. Ile SACCOS yetu iliwahi kukaa siku tatu bila mfumo kwa sababu notisi ya malipo ilikuwa inakwenda kwa mtu aliyehamia Mwanza. Siku hizi nywila ya seva iko kwenye bahasha, na bahasha iko kwenye sefu, chini ya hati za viwanja. Mama mhasibu ndiye mwenye ufunguo, nami huwa namwomba.